Picha ya askari wa Kihindi ndani ya jumba la Brighton, 1915: itundikwe hivihivi?

DadaWaHove
Habari zenu wadau. Naishi huku kusini mwa Uingereza. Chama chetu cha Waswahili kimepewa ukuta mmoja kwenye ukumbi wa mtaa kwa mwezi mzima wa Novemba, mwezi ambao huku wanawakumbuka waliokufa vitani. Wenzangu wamechagua picha moja tu, ikuzwe, itundikwe. Nimeibandika hapo juu.

Kwa mnaotumia simu ndogo: ni ndani ya Dome, jengo la duara lililo kwenye bustani za Royal Pavilion, Brighton. Vitanda vya chuma vimepangwa safu kwa safu, shuka zimenyooshwa hadi hazina kunyanzi. Wanaume wenye vilemba wamekaa ukingoni mwa vitanda, wengine wamelala na mablanketi yamewafika kifuani, na karibu wote wameelekeza uso kwenye kamera. Ukuta wa nyuma umejaa nakshi na matao mpaka juu. Damu huioni hata tone. Ni Wahindi waliojeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji.

Msimamo wangu: hii picha ilipigwa iwe tangazo, na tukiitundika peke yake bila maelezo tutakuwa tunalitangaza upya, bure. Wenzangu wanasema natia mchanga kitumbua chao. Nisaidieni, hasa mnaoijua historia yake.

Chumbageni
Nimekaa mkao wa kula. Ila dada, tangazo kivipi? Wagonjwa wapo, vitanda vipo, paa lipo. Mfalme kawaachia majeruhi jumba lake, tena majeruhi wa rangi nyingine, mwaka 1914. Ubaya uko wapi? Tundikeni.

MwalimuTabora
Chumbageni, leo umeamka na mfalme! Jumba halikuwa lake.

Royal Pavilion lilianza kama nyumba ya starehe ya mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George IV. Sura hii ya makuba na minara aliitengeneza msanifu John Nash kati ya 1815 na 1822. Malkia Victoria hakulipenda, mji ulikuwa umelibana pande zote na watu wakimchungulia, na mwaka 1850 likauzwa kwa mji wa Brighton. Kwa hiyo vita vilipoanza 1914 lilikuwa mali ya mji kwa zaidi ya miaka 60. Walioliandaa ni halmashauri ya mji chini ya meya wao, John Otter, pamoja na jeshi.

Na hapo ndipo mleta mada ana hoja. Mwaka 1915 halmashauri ilitoa kijitabu chenye picha za wadi na historia ya jumba, kwa Kiingereza, Kiurdu na Kigurmukhi (maandishi ya Kipunjabi). Zilichapwa nakala 20,000. Mtu wa Brighton hana haja ya Kigurmukhi. Kijitabu kilikusudiwa kisomwe Punjab, na habari iliyoenea kule ni kwamba mfalme kahama jumba lake ili askari wake wa Kihindi watibiwe. Ulichokiandika wewe leo ndicho kilichokusudiwa kiaminike.

Chumbageni
Basi mji uliwaachia jumba lake. Wema unabaki palepale, umebadilika mwenye nyumba tu.

NesiWaZamu
Niseme kama mtu wa wodini. Nikiitazama hii picha naona siku ya ukaguzi. Kila hospitali niliyofanyia kazi, akija mgeni mwenye kamera, wodi inafagiliwa mara mbili, na mgonjwa mwenye kidonda kibaya anasogezwa upande ambao mgeni hafiki. Simaanishi wodi ni ya uongo. Ni wodi ya saa ile.

Lakini naomba tusidharau kazi iliyofanyika pale. Nilipokuwa naandaa mada ya lishe ya wagonjwa nilisoma habari zake: zilijengwa jiko 9, ili Mwislamu, Mhindu na Singasinga kila mmoja apikiwe na watu wa kwao kwa desturi zao. Bomba za maji ya kunywa zilitenganishwa kwa Wahindu na Waislamu. Mbuzi na kondoo walichinjwa kwa taratibu tofauti. Mabango ya ndani yaliandikwa kwa lugha zao. Hiyo ni hospitali ya vitanda zaidi ya 700 iliyoandaliwa haraka haraka, majira ya baridi, katikati ya vita. Mimi nimeona hospitali za leo ambazo mgonjwa asiyekula nyama fulani anaambiwa ale wali mkavu.

Kwa hiyo dada, tangazo sawa, lakini tangazo la kitu kilichokuwepo.

KiguuNaNjia
Nafuatilia. Swali la pembeni: kwa nini hasa Pavilion? Uingereza ina majumba makubwa tele. Nilipotembelea Brighton, mtembezaji wetu alituambia walichagua jumba lile kwa kuwa nje lina sura ya Kihindi, ili majeruhi wajione nyumbani.

MakinduStesheni
KiguuNaNjia, hilo la "wajione nyumbani" nimelisikia sana na sijawahi kuliamini. Babu zangu ni watu wa Punjab, kijijini kwao nyumba ni za udongo na paa bapa. Mkulima wa Ludhiana ukimweka chini ya kuba lile lenye nakshi atashangaa kama utakavyoshangaa wewe. Ile ni India iliyobuniwa na Mwingereza ambaye hakuwahi kufika India.

Nadhani sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: Brighton iko pwani ya kusini, meli za majeruhi zinafika bandari za karibu, reli ipo, na mji ulikuwa na majengo makubwa ya umma ambayo ungeweza kuyageuza kwa wiki chache. Ndiyo maana hawakuchukua Pavilion tu. Walichukua pia shule moja ya York Place, na nyumba ya maskini ya mji ikawa Kitchener Hospital.

MwalimuTabora
Sababu ya reli na bandari naikubali nusu. Tazameni kalenda. Wanajeshi wa Kihindi walishuka Marseille mwishoni mwa Septemba 1914. Oktoba wameshaingia mahandakini Ubelgiji. Novemba dola ya Uturuki iko vitani upande wa Ujerumani, na Sultani, ambaye ndiye khalifa, anatangaza jihadi. Desemba majeruhi wa kwanza wanaingia Pavilion. Serikali ya Uingereza ilikuwa na maelfu ya askari Waislamu mkononi, na hofu kubwa juu ya utiifu wao. Ukitaka kumwonesha Mwislamu wa Peshawar kwamba mfalme wa Kikristo anamjali kuliko khalifa, unamlaza kwenye jumba la kifalme, kisha unampiga picha.

Hata huku kwetu Wajerumani walilitumia tangazo hilohilo la jihadi wakitaka kuwavuta Waislamu wa pwani. Vita ilikuwa pia ya kugombania nyoyo za watu.

NesiWaZamu
Mwalimu, wewe kila jambo lina mkono wa serikali. Daktari aliyefunga bandeji saa nane za usiku hakuwa anamfikiria khalifa.

MpigaPichaMstaafu
Salaam. Nimefanya kazi ya picha Arusha tangu enzi za chumba cha giza, niongeze la ufundi kabla hamjapelekana mbali.

Mnasema wamepangwa, wamekaa kama sanamu. Kamera za picha kama hizi zilikuwa za miguu mitatu, na kioo chenye dawa ndicho kilichokuwa filamu. Ndani ya jengo kubwa mwanga hautoshi, kwa hiyo lenzi inaachwa wazi muda mrefu, na anayetikisika anatoka ukungu. Mpiga picha yeyote wa wakati ule angewaambia watulie na watazame mbele, hata angekuwa anapiga harusi. Ukitazama picha za studio za Zanzibar za miaka ileile, watu wamekaa vilevile, na hakuna serikali iliyowaamuru. Ugumu wa mwili pichani usiuchukue kama ushahidi wa propaganda. Ushahidi ni kilichofuata baada ya picha: ilichapwa wapi, iliuzwa kwa nani.

Na hapo muongeze sababu nyingine ambayo hamjaitaja: biashara. Mpiga picha wa mji, A. H. Fry, alipiga picha nyingi za hospitali hizi. Picha za askari wa Pavilion zikawa postikadi, nyingine zikapakwa rangi kwa mkono. Watu walinunua. Mji wa starehe unaoishi kwa watalii, vita imekuja, halafu ghafla una kitu ambacho kila mtu anataka kukiona.

DadaWaHove
Asante mzee MpigaPicha, na asante wote. Mmenipa vitu ambavyo kwenye kikao chetu havikutajwa.

Hilo la watu kutaka kuona linanikumbusha jambo. Bustani za Pavilion zilizungushiwa uzio mrefu, watu wa mji wasiingie na wagonjwa wasitoke ovyo. Kitchener Hospital walikaza zaidi, ukuta ukawekwa seng'enge na askari polisi wa jeshi wakasimama malangoni. Mwanzoni majeruhi waliruhusiwa kutembea mjini, baadaye ruhusa zikabanwa, na kilichowaumiza vichwa wakubwa ni wanawake wa Kizungu. Mwaka 1915 gazeti moja la London lilitoa picha ya nesi wa Kizungu amesimama karibu na majeruhi wa Kihindi, tu, amesimama, na wakubwa wa jeshi wakachachamaa mpaka wauguzi wa kike wakaanza kuondolewa hospitali za Wahindi.

Hebu rudini kwenye picha yetu. Mmemwona mwanamke?

NesiWaZamu
Nimeikuza kwenye kompyuta kitanda kwa kitanda. Hakuna.

Chumbageni
Sasa hapo mmenigusa. Lakini bado nasema itundikwe. Picha ikifichwa, uzio nao unafichika.

MakinduStesheni
Chumbageni, hapo tuko pamoja.

Niwaambie la kwetu. Ndugu mdogo wa babu yangu alikwenda Ufaransa na kikosi chake. Babu alikuwa huku tayari, kwenye reli. Kilichobaki kwa huyo mdogo wake ni karatasi moja ya kuachishwa jeshi, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo maandishi yamekwisha. Sura yake hatuijui. Kila nikiona picha ya Pavilion nawatazama mmoja mmoja, na najua kwamba sitamjua hata akiwa mstari wa mbele, maana chini ya picha hakuna jina hata moja. Mji umetajwa, jengo limetajwa, mpiga picha anajulikana. Watu wenyewe ni "askari wa Kihindi".

Walikuwa na maisha mle ndani pia. Masingasinga walipewa hema uwanjani likawa gurdwara, nyumba yao ya ibada, Waislamu sehemu ya kuswalia kwenye majani. Waliokufa kati ya Wahindu na Masingasinga walipelekwa juu ya vilima vya Patcham, nje ya mji, wakachomwa kwa desturi yetu. Ni 53. Mahali pale pana Chattri, mnara mweupe wa marumaru uliofunguliwa Februari 1921. Waislamu walizikwa karibu na msikiti wa Woking. Majina ya wale 53 yalichongwa kwenye jiwe jirani na Chattri mwaka 2010. Mnara ulifika miaka karibu 90 kabla ya majina.

Dada, kama kuna kitu cha kuweka pembeni ya hiyo picha, weka majina.

DadaWaHove
Nimesoma hii mara mbili. Majina nitayafuata.

MwalimuTabora
Na weka maneno yao. Yapo. Barua za askari zilifunguliwa na kutafsiriwa na wakaguzi wa jeshi, wakatunza vipande vyake ili serikali ijue nyoyo zimekaaje. Upelelezi ule ndio uliotuhifadhia sauti zao.

Ukizisoma unapata kila kitu. Mmoja anaandika kuhusu Brighton kwa ule ubeti wa Kiajemi wa pepo iliyo duniani. Mwingine anawaambia nyumbani kwamba hii si vita, ni mwisho wa dunia. Na kwa kuwa walijua barua zinasomwa, walitumia mafumbo: pilipili manga imekwisha, sasa wanaanza kutumia pilipili nyekundu. Pilipili manga ni wao Wahindi, nyekundu ni Wazungu. Wengine waliwaonya ndugu zao kwa namna hiyohiyo wasijiandikishe.

Kisha kuna askari wa Kihindi aitwaye Mir Dast. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross na mfalme George V mwenyewe, hapo hapo Pavilion, tarehe 25 Agosti 1915, kwa ushujaa wake karibu na Ypres mwezi Aprili, siku za gesi ya sumu. Barua zinaeleza kwamba alipopewa nafasi ya kusema na mfalme, aliomba askari akishajeruhiwa mara moja asirudishwe tena mahandakini. Kwani ndilo lililowakera wengi: unatibiwa kwenye jumba lenye nakshi, unapona, unarudishwa kulekule. Na ndugu yake wa damu, Mir Mast, alikuwa ameshavuka usiku na wenzake kwenda upande wa Wajerumani, Machi mwaka uleule. Mama mmoja, wana wawili.

KiguuNaNjia
Loo. Hilo la ndugu wawili sikulijua kabisa.

KitukuuChaKilwa
Wadau shikamooni kwa wakubwa. Nimeuona uzi huu usiku na nimeshindwa kupita.

Mnajua vikosi vya majeruhi hao vilikwenda wapi baadaye? Askari wa miguu wa Kihindi waliondolewa Ufaransa mwishoni mwa 1915, ndiyo maana hospitali ya Wahindi pale Pavilion ikafungwa mwanzoni mwa 1916. Wengi walipelekwa Mesopotamia. Lakini baadhi ya vikosi vililetwa huku kwetu. Baluchi wa 129, kikosi cha Khudadad Khan aliyepata Victoria Cross kwa vita vya Oktoba 1914 Ubelgiji. Wilde's Rifles wa 57, ambako Mir Dast alikuwa anatumikia. Pathan wa 40. Hao wote waliletwa Afrika Mashariki mwaka 1916.

Na Desemba 1916 Baluchi wa 129 walikuwa Kibata, milima ya Matumbi, kwetu kabisa, wakipigana na jeshi la kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck kwenye matope ya mvua za vuli. Babu yangu mzaa baba alisimulia aliyosikia kwa baba yake: mizigo. Kila risasi na kila gunia la mchele lilifika Kibata juu ya kichwa cha mtu. Watu walichukuliwa vijijini, pande zote mbili walichukua, na wengi hawakurudi.

Sasa mimi nauliza, na sina ugomvi na mtu: picha ya mpagazi kalazwa kwenye shuka nyeupe iko wapi? Hospitali yao ilikuwa jumba gani? Kariakoo ilikuwa kambi yao, leo ni soko, na anayenunua nyanya pale hajui. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine pengine hawakukumbukwa kabisa. Chama cha Waswahili kikipewa ukuta Uingereza, kitundike Brighton peke yake?

Makadara_Kale
Kitukuu, umesema kweli tupu, nakuongezea kidogo. Mimi ni Mbulushi wa Mombasa, wazee wetu walikuja na majeshi ya masultani wa Oman muda mrefu kabla ya vita hii. Mtu akisikia "Baluchi wa 129" anadhani ni sisi au jamaa zetu. Kufikia 1914 jina lilikuwa la kikosi tu, ndani wengi ni Wapathan na Waislamu wa Punjab. Khudadad Khan mwenyewe ni mtu wa Punjab. Nasema kwa sababu nimeona mahali picha ya kikosi hicho imeandikiwa kuwa ni mababu wa Wabulushi wa Pwani, na watu wanapiga nayo selfi.

KitukuuChaKilwa
Shukrani kaka, hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Chumbageni
Mimi hapa napinga, na safari hii simtetei mfalme. Kitukuu, uchungu wako ni wangu, nimezaliwa Tanga, makaburi ya Novemba 1914 nimepita kando yake nikienda shule. Lakini ukuta ni mmoja na picha ni ya Wahindi waliolazwa Brighton. Tukiwavuta kwetu kwa nguvu tutawafanya wawe utangulizi wa habari zetu. Wale nao walisahauliwa. Wapewe ukuta wao, wapagazi nao wapewe wao, mzima, si kona.

KitukuuChaKilwa
Huo ukuta mzima wa wapagazi nani atautoa? Huwa tunaambiwa tusubiri.

NesiWaZamu
Kitukuu kaniliza. Chumbageni naye ana neno.

Makadara_Kale
Kuna hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, ukingoni mwa mapokezi wametundika picha kubwa ya askari wa Kiafrika wa Mjerumani wamesimama mstari, bunduki begani, nyuma kuna nyumba kubwa yenye veranda. Fremu ya dhahabu. Chini hakuna neno hata moja. Wageni wanadhani ni pambo la pwani kama jahazi na mlango wa Zanzibar. Nilimuuliza kijana wa mapokezi, akasema imekuja na fenicha.

Tangu siku ile naamini picha ya vita isiyo na maelezo ni bora isitundikwe. Hapo niko na mleta mada.

MpigaPichaMstaafu
Hiyo ya hotelini huenda imetoka kwenye mkusanyiko wa Walther Dobbertin. Alikuwa mpiga picha Mjerumani huku huku, akapiga jeshi lao wakati wa vita, na picha zake nyingi ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Zinazagaa sana.

Sasa kwa dada, mambo ya kazi, maana Novemba haisubiri.

Usitumie faili ulilolitoa mtandaoni. Andikia makumbusho ya Brighton uombe faili kubwa na ruhusa. Ukitaka ukubwa wa A1, upande mrefu una sentimita 84, na kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji karibu pikseli 10,000. Ukutani watu wanasimama mbali kidogo, nukta 150 zinatosha, kwa hiyo ukipata pikseli 5,000 chapa bila wasiwasi. Karatasi isiyong'aa, la sivyo taa za ukumbi zitakaa juu ya nyuso za hao wagonjwa. Nakala haina shida ya mwanga. Mtu akikuletea picha halisi ya zamani aliyorithi, usiiache mwezi mzima chini ya taa kali. Makumbusho huziweka kwenye laksi (kipimo cha mwanga) 50 tu, na hata hivyo kwa muda.

Na tafadhali sana, msiipake rangi kwa zile programu za akili mnemba. Programu haijui kilemba kilikuwa cha rangi gani, inakisia. Postikadi za 1915 zilikisia, nasi tuna miaka 100 ya watu wanaoamini rangi za mpaka rangi.

MwalimuTabora
Hapo mzee umenena. Niongeze jambo moja ambalo linaipa uzito hoja ya biashara na hoja ya siasa kwa pamoja. Baada ya Wahindi kuondoka, Pavilion ikawa hospitali ya Waingereza waliokatwa miguu na mikono, tangu 1916 hadi 1920. Maelfu walipita pale. Picha zao zipo, lakini umaarufu wake hauifikii picha ya vilemba chini ya kuba. Askari asiye na mguu hakumfaa mwenye kuuza postikadi, wala mwenye kutafuta vijana wa kujiandikisha.

MakinduStesheni
Au Waingereza hawakutaka kuwaona wana wao vile. Kumtazama mgeni ni rahisi zaidi.

NesiWaZamu
Au waliokatwa viungo wenyewe walikataa kupigwa. Mgonjwa Mwingereza aliweza kusema hapana. Mhindi aliyewekwa kitandani Dome aliulizwa na nani?

DadaWaHove
Swali hilo la Nesi limenikaa. Leo tumekutana tena, wenzangu wameusoma uzi wote. Hatujaelewana, ila tumesogea. Wawili bado wanataka picha peke yake na mstari mmoja chini. Mmoja anataka wapagazi wawe na picha yao, ukubwa uleule. Mimi nimeandika maelezo haya ya jaribio, yachaneni:

"Wadi ndani ya Dome, Brighton, 1915. Jumba hili lilikuwa mali ya mji, si la mfalme. Askari hawa walijeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Walihudumiwa vizuri, walizungushiwa uzio, na wengi waliopona walirudishwa vitani. Picha za namna hii zilisambazwa India. Hakuna aliyeandika majina yao hapa. Majina ya 53 waliokufa na kuchomwa Patcham yako upande wa kulia."

Chumbageni
Yamekaa vizuri. "Walizungushiwa uzio" iache hapohapo katikati, usiiondoe mtu akikuomba.

MwalimuTabora
"Wengi waliopona walirudishwa vitani": andika "baadhi", maana wengine walirejeshwa India, na hao wa Pavilion ni mchanganyiko. Kingine, wale 53 hawakufia Pavilion wote, ni wa hospitali za Wahindi za Brighton kwa jumla. Iseme wazi, mtu asije akahesabu vitanda vya pichani na makaburi.

MakinduStesheni
Na Waislamu wa Woking? Ukiweka 53 peke yao utakuwa umewaacha wenzao waliolala kitanda cha pili. Ibada ya Chattri hufanyika kila Juni, nenda, utakutana na wazee watakaokuonesha orodha zote mbili.

KitukuuChaKilwa
Dada, huyo mmoja wenu anayetaka ya wapagazi mwambie nina picha ya boma la Kibata lilivyo leo, nimepiga mwenyewe kwa simu. Watu hakuna, kuta na miti tu. MpigaPicha, simu ya kawaida inatosha kuchapwa A1?

MpigaPichaMstaafu
Nitumie faili lenyewe kwa barua pepe, usilipitishe WhatsApp, inalibana. Nikishaliona nitakwambia.